Uvimbe wa tumboni unapobana mrija wa mkojo: namna ya kuiokoa figo mapema

Figo moja inaweza kufa kimyakimya huku karatasi ya maabara ikionyesha mambo ni mazuri. Figo ya pili hubeba kazi ya zote mbili, kreatinini (taka ya kwenye damu inayopimwa kujua figo zinavyofanya kazi) inabaki chini, mkojo unatoka kama kawaida, na mgonjwa analalamikia mgongo tu. Kwa hiyo kama ndugu yako ana uvimbe tumboni au nyongani, iwe ni saratani ya mlango wa kizazi, tezi dume, kibofu, utumbo mpana au ovari, au hata fibroidi kubwa zisizo saratani, usingoje damu iseme. Omba altrasaundi ya figo zote mbili mara tu uvimbe unapogundulika, na irudiwe kila matibabu yanapobadilika.

Kila figo ina mrija wake wa kushushia mkojo kwenye kibofu. Una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Unateremka nyuma ya tumbo, unakatiza juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na kwa mwanamke unapita kama sentimita 2 pembeni ya mlango wa kizazi. Saratani ya hapo haihitaji kukua sana ili kuubana, na figo ikishavimba maji kwa sababu yake, madaktari huihesabu kuwa imefika hatua ya III B.

Mrija ukizibwa kabisa, figo inayofunguliwa ndani ya wiki moja hurudi karibu yote. Wiki mbili zikipita, sehemu imepotea. Zikifika sita, kinachorudi ni kidogo mno au hakuna. Ila uvimbe mara nyingi hubana taratibu, haufungi ghafla, na figo iliyobanwa nusu inaweza kuvumilia miezi. Usikubali kuambiwa “imeshakufa hiyo” kabla haijapimwa.

Vipimo, na namna ya kuvisoma

Altrasaundi inapatikana hospitali za wilaya na za mikoa, kuanzia Tunduma hadi Songea, lakini ina mtego wake. Mgonjwa wa uvimbe wa nyonga huambiwa anywe maji mengi abane mkojo ili kizazi kionekane. Kibofu kilichojaa pomoni huweza kuzifanya figo nzima zionekane zimevimba. Akishapimwa nyonga, aende kukojoa, arudi, figo zitazamwe upya. Majibu yaandike ukubwa wa kila figo, imevimba kiasi gani (kidogo, wastani au sana), unene wa nyama ya figo iliyobaki, na mkojo uliobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa. Unene wa nyama ndio unaosema kama kuna cha kuokoa. Figo kubwa yenye maji mengi na nyama ya milimita chache haina mengi ya kurudisha.

Kwa mwanaume mwenye tezi dume, kibofu kikikutwa kimejaa, jambo la kwanza ni mpira wa mkojo. Ukitoka mkojo mwingi na figo zikanywea baada ya siku chache, kizuizi kilikuwa chini ya kibofu, na hakuna haja ya kutobolewa mgongo ili kuwekewa mpira kwenye figo. Zisiponywea, mirija yenyewe imebanwa. Na kwa yeyote, kichocho cha kibofu na kifua kikuu huweza kuufinya mrija bila saratani yoyote, kwa hiyo historia ya kukojoa damu utotoni au dawa za TB itajwe.

Kwenye damu, pima kreatinini, potasiamu, sodiamu, wingi wa damu na chembe sahani. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Chukua mama wa miaka 50 mwenye kilo 52 na kreatinini ya maikromoli 130 kwa lita. Anaambiwa “imepanda kidogo.” Kokotoa: toa umri kwenye 140, unabaki na 90, zidisha kwa kilo 52, unapata 4,680, gawanya kwa 130, unapata 36, zidisha kwa 1.04 (kwa mwanaume ni 1.23). Jibu ni karibu 37. Hizo ndizo mililita za damu ambazo figo zake zinasafisha kwa dakika, yaani uchujaji wake. Dawa ya sisiplatini, inayotolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa kawaida hutaka 50 hadi 60 au zaidi. Hata kreatinini ya 85, ambayo maabara itaiweka kwenye kiwango cha kawaida, kwa mama huyuhuyu inatoa 57 tu. Mtu aliyekonda ana nyama kidogo mwilini, hutengeneza kreatinini kidogo, na namba yake huonekana nzuri kuliko figo zilivyo. Kama majibu yako kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4. Hesabu hii inafaa kreatinini ikiwa imetulia. Ikiwa inapanda kila siku, hali halisi ni mbaya kuliko jibu utakalopata.

Figo na saratani si mambo mawili ya kushughulikia kwa zamu. Hali ya figo ndiyo inayoamua mgonjwa atapewa tiba ipi.

Yasiyongoja kesho

Homa au kutetemeka kwa baridi kwa mtu ambaye figo yake imeziba ni dharura ya saa, si ya siku. Mkojo uliooza ndani ya figo iliyofungwa huingia kwenye damu, na antibiotiki peke yake haifiki inakotakiwa mpaka mkojo upate njia. Usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya UTI. Dharura ya pili ni mkojo kukatika: chini ya mililita 400 kwa saa 24, jumla ya chupa moja ndogo ya maji haijai. Ya tatu ni potasiamu. Kawaida yake ni 3.5 hadi 5.0, ikivuka 6.0 moyo upimwe kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) papo hapo, na ikivuka 6.5 dawa za kuulinda moyo zinaanza pale alipo, hata kama rufaa ya Mbeya imeshaandikwa na gari liko tayari. Ameshatapika, ana kwikwi zisizokoma, anahema kwa nguvu au amechanganyikiwa? Huenda akahitaji kusafishwa damu kabla ya kufunguliwa mrija.

Acha hivi leo

Diklofenaki inaongoza. Mgonjwa anaumwa mgongo, anachomwa sindano dukani, maumivu yanatulia, anarudi tena wiki ijayo, na figo inaendelea kunyimwa damu. Ibuprofeni, indometasini na mefenamiki ni ukoo huohuo. Atumie parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa aliyedhoofika sana isifike huko. Maumivu yakizidi, mofini ya maji ipo, lakini figo zikiwa chini mabaki yake hujikusanya: mgonjwa analala kupita kiasi, misuli inarukaruka. Hapo daktari hupunguza dozi au kuongeza saa kati ya dozi na dozi, haikatwi ghafla.

Jentamaisini ni sindano ya kawaida ya UTI kwenye zahanati nyingi. Taja figo kabla haijavutwa kwenye bomba. Septrini hupandisha potasiamu. Metformini husimamishwa uchujaji ukishuka chini ya 30. Dawa za presha za jamii ya kaptoprili na losatani daktari azitazame upya.

Kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini kuna jambo jingine. Saratani ya mlango wa kizazi na VVU huenda pamoja, na Njombe ndio mkoa wenye maambukizi mengi kuliko mingine nchini. Kidonge cha TLD, dawa ya VVU, kina tenofovia ndani yake, na tenofovia inaweza kuumiza figo. Uchujaji ukiwa chini ya 50, CTC (kliniki ya VVU) hubadilisha mchanganyiko, mara nyingi kwa kutumia abakavia. Nenda CTC na majibu ya kreatinini mkononi. Usiache dawa mwenyewe. Jua pia kwamba dolutegravia iliyomo humo hupandisha kreatinini kidogo bila kuidhuru figo, kwa hiyo mruko mdogo baada ya kuanza TLD usikutie hofu.

Dawa za mizizi na magome, ziache. Hata zile za “kusafisha figo.” Hasa hizo.

Kuna imani nyingine mbili za kuvunja. Kunywa maji mengi hakuzibui mrija uliobanwa kwa nje. Kunaongeza shinikizo na maumivu, na aliyekwisha kukatika mkojo atajaa maji kwenye mapafu. Lasiksi, dawa ya kukojoza, nayo haifungui njia. Huilazimisha figo kusukuma mkojo kwenye ukuta.

Kufungua njia

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni stenti ya JJ: kimpira laini cha unene wa milimita 2 na urefu wa sentimita 24 hadi 28, kinapandishwa kwa kamera kupitia kibofu hadi ndani ya figo, mara nyingi kwa ganzi ya mgongo. Hakionekani kwa nje, mgonjwa anatembea zake. Lakini stenti ilizoeleka kwa wenye mawe ya figo. Uvimbe unaobana kutoka nje huibana na yenyewe, na saratani ikiwa imeingia kwenye kibofu, tundu la mrija huenda lisionekane kabisa. Kreatinini isiposhuka ndani ya siku 2 au 3, stenti haifanyi kazi, na kungoja wiki nyingine ni kupoteza figo.

Ya pili ni mpira wa mgongoni, nefrostomi. Mgonjwa analala kifudifudi, anapigwa ganzi ya ngozi, na kwa kuongozwa na altrasaundi sindano inaingia kwenye figo, kisha mpira wenye ncha iliyojikunja unawekwa na kuunganishwa na mfuko. Kabla ya hapo chembe sahani ziwe angalau elfu 50 na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) isizidi 1.5, presha iwe imetulia, na kila dawa ya kuyeyusha damu itajwe mapema: wafarini husimamishwa kama siku 5 kabla, klopidogreli siku 5 hadi 7. Kama kuna usaha na homa, havingojwi vyote hivyo.

Zikiziba figo zote mbili, ifunguliwe ipi? Familia nyingi husema ile iliyovimba zaidi. Sivyo. Hufunguliwa kwanza ile yenye nyama nene, maana ndiyo itakayorudi. Isipokuwa pale moja ina usaha, hiyo inatangulia. Figo moja nzuri ikifunguliwa mara nyingi inatosha kumtoa mgonjwa hatarini. Kama lengo ni kufika kwenye sisiplatini, uliza kama ya pili nayo inastahili.

Swali la kumuuliza daktari kabla ya kusaini: nani atabadilisha, wapi, na lini? Stenti hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, mpira wa mgongoni kila miezi 3 hivi. Stenti iliyosahaulika huota mawe na kung'ang'ania, ikageuka kuwa upasuaji. Andika tarehe ya kuwekwa na ya kutolewa kwenye jalada la kliniki na kwenye simu za watu wawili, si ya mgonjwa peke yake.

Siku mbili za kwanza

Figo iliyokuwa imefungwa ikipata njia huweza kumwaga mkojo bila kipimo. Kwa kuwa nesi mmoja ana wodi nzima, msaidizi wa mgonjwa awe na jagi lenye alama za mililita na daftari: saa, kiasi, rangi, na alichokunywa. Mkojo ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, au lita 3 kwa siku, mwite nesi. Kwa kawaida hurudishwa karibu nusu ya kilichotoka, siyo chote, kwa sababu ukirudisha tone kwa tone unaifanya figo iendelee kumwaga. Mgonjwa anayeweza kunywa anywe kwa kiu yake. Potasiamu ipimwe mara kwa mara, maana sasa inaweza kushuka mno. Uzito upimwe kila asubuhi.

Mkojo wa rangi ya pinki siku mbili za mwanzo ni kawaida. Damu nzito yenye mabonge, au mfuko unaojaa damu tupu, si kawaida.

Kuishi na mpira wa mgongoni

Osha mikono kwa sabuni. Safisha kitundu kwa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ukianzia kwenye kitundu kwenda nje, kamwe usirudi. Kausha, weka shashi mbili, moja chini ya mpira na nyingine juu, kisha bandika plasta sehemu mbili: kwenye shashi, na tena kiasi cha viganja viwili mbele, mpira ukiwa umekunjwa kidogo ili ukivutwa, kivutwe kile kikunjo na si figo. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki na kila shashi inapolowa. Mfuko umwagwe ukifika theluthi mbili, ubadilishwe kila wiki, na siku zote ukae chini ya usawa wa figo, hata kitandani.

Baridi ya Makete na Njombe ina shida yake. Mgonjwa anajifunga kanga mbili na shuka kiunoni, mpira unapindwa, na asubuhi mfuko ni mkavu. Fundo la kanga liwe upande usio na mpira. Asibebe mtoto kwa mbeleko, asiinue ndoo wala kulima mpaka daktari amruhusu. Kwenye baridi watu pia husahau kunywa. Baada ya njia kufunguka, lita 2 kwa siku ni shabaha nzuri kama hana miguu iliyovimba wala moyo dhaifu, na chai ya rangi inahesabiwa.

Mfuko ukikauka: fuata mpira kwa vidole kutoka mgongoni hadi mfukoni ukitafuta pindo, shusha mfuko, mgeuze mgonjwa. Kuusukuma kwa mililita 5 za maji ya chumvi kufanywe na aliyefundishwa tu, kwa bomba jipya na bila nguvu. Ukipita muda wa saa nne bila tone, au maumivu ya ubavu, au homa, nenda hospitali.

Mwenye stenti atakojoa mara kwa mara, atasikia kuvuta ubavuni wakati wa kukojoa, na ataona damu kidogo akitembea sana. Dawa ya tamsulosini humsaidia. Homa haimo kwenye orodha hiyo.

Chakula

Kama potasiamu iko sawa, mlishe. Mgonjwa wa saratani aliyenyimwa ndizi na maharage bila sababu hudhoofika bure. Ikipanda ndipo vyakula vyetu vinapokuwa na kesi: ndizi za Tukuyu, parachichi, viazi mviringo, maharage, majani ya maboga. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, viloweshwe, vichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe. Usivichome wala kuvipika na maganda. Wali na ugali wa sembe vina potasiamu kidogo kuliko dona. “Chumvi ya afya” ya dukani isiyo na sodiamu mara nyingi ni potasiamu tupu.

Upasuaji, dawa, na mahali pa kusimama

Uvimbe ukiwa wa kukatwa, mwulize mpasuaji kama ataweka stenti kabla, ili mrija uonekane na kupapaswa. Ukilazimika kukatwa kipande, unaweza kupandikizwa upya kwenye kibofu. Figo iliyobaki na kazi ndogo sana wakati mwingine hutolewa pamoja na uvimbe, lakini uamuzi huo ungoje wiki kadhaa baada ya kufunguliwa, maana figo huendelea kurudi. Fibroidi zikitolewa, figo mara nyingi hunywea zenyewe. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, hunywea haraka kwa dawa, na kasi hiyo yenyewe huweza kuzijaza figo taka. Njia ifunguliwe na maji yaanze kabla ya dozi ya kwanza.

Kuna mgonjwa ambaye saratani yake haina tiba iliyobaki. Mpira wa mgongoni unaweza kumwongezea muda, na pia kumwongezea homa, safari za kubadilisha na maumivu aliyokuwa ameanza kuyasahau. Kutouweka si kumtelekeza. Mwulizeni mwenyewe akiwa bado na akili timamu, mbele ya daktari au timu ya tiba shufaa (ya kupunguza mateso), kwa sababu baadaye figo zikishindwa atalala tu na uamuzi utaangukia ndugu wanaogombana.

Safari ya Dar

Kwa mionzi wengi huelekezwa Ocean Road, taasisi ya saratani jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Figo ifunguliwe kabla ya kupanda basi, si baada. Beba barua ya rufaa, picha za altrasaundi, kreatinini mbili za tarehe tofauti, na karatasi inayotaja aina na ukubwa wa mpira. Kaa kiti cha pembeni ya njia upande ambao mpira hautakandamizwa na ukuta wa basi, mfuko ukifungwa chini ya goti. Umwage kila basi linaposimama kuchimba dawa, hata kama haujajaa, kwa kuwa kituo kinachofuata hukijui. Weka mfuko wa akiba, shashi na plasta kwenye mkoba wa mkononi, visiingie buti.

Mpira ukichomoka njiani, usiurudishe. Funika kitundu kwa shashi safi, uhifadhi mpira ukaonyeshwe, na mshuke kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Iringa au Morogoro, mkiwa mmeshawapigia waliouweka. Kitundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Mkiwahi, mpira mpya huweza kupita njia ileile bila kutoboa upya.